Leseni ya Mkanada wa Basotu

Mwezi wa saba ngano ya Basotu huwa imekauka hadi bua linakatika kwa vidole, na mazungumzo yote ni ya kombaini: ipi nzima, ipi inasubiri mkanda kutoka Arusha, zamu ya nani inaanza lini. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Mume wake ni msimamizi wa magari na mitambo kwenye shamba moja la ngano, na juma lile kilichomnyima usingizi hakikuwa kombaini, ilikuwa leseni. Shamba lilikuwa limempokea mtaalamu wa mbegu kutoka Kanada, mtu wa makamo mwenye mkataba na vibali vyote, naye alikuwa akiendesha kwa kijitabu cha leseni ya kimataifa ambacho siku zake zilikuwa zinayoyoma. Mavuno yakianza, mtaalamu anatakiwa awe shamba hili asubuhi na lile jioni. Shemeji hakutaka kusikia habari ya mtu kuendesha gari la kazi kwa karatasi iliyokufa.

"Shemeji, twende naye Babati," aliniambia. "Kiingereza changu ni cha vipuri tu. Wewe utamweleza anachoulizwa."

Kijitabu kile cha kijivu wengi hukidhania kuwa ni leseni. Kazi yake ni kuieleza leseni ya nyumbani kwa lugha kadhaa, ili askari wa nchi nyingine ajue dereva ameruhusiwa kuendesha nini. Msingi wake ni mkataba uliosainiwa Geneva mwaka 1949, na chini ya mkataba huo uhai wake ni mwaka mmoja. Kinamfaa mtalii anayekodi gari kwenda Ngorongoro kisha akarudi kwao. Lakini mtu aliyekuja kufanya kazi, mwenye kibali cha ukaazi cha daraja B, nyumba ya kupanga na tuta la mchicha nyuma ya nyumba, huyo ni mkaazi. Atakwenda sokoni kwa barabara ileile tunayopita sote, na usiku wa mvua atakutana na watoto wetu wanaochunga. Naona ni haki kabisa jina lake liwe kwenye daftari la nchi hii, ili siku likitokea la kutokea ajulikane ni nani, anakaa wapi na nani alimpima.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1973, Sheria ya Usalama Barabarani namba 30 ya mwaka huo. Imerekebishwa mara nyingi lakini mifupa yake ni ileile. Kazi imegawanywa kati ya nyumba mbili. Polisi wa usalama barabarani ndio wanaomtazama mtu kama anajua kuendesha. Mamlaka ya Mapato, TRA, ndiyo inayopokea ada, kupiga picha, kuchukua alama za vidole na kutoa kadi. Kadi hizi za kielektroniki zilianza mwaka 2010, wakati leseni za kughushi zilikuwa zimejaa mikononi mwa watu. Awali zilidumu miaka 3 kwa shilingi 40,000. Tangu 2019 zinadumu miaka 5 kwa shilingi 70,000. Na kabla ya yote lazima mtu awe na namba ya mlipakodi, TIN, awe mwenyeji au mgeni.

Usiku ule shemeji alizipanga karatasi za Mkanada juu ya meza ya chakula, baada ya dada kuondoa sahani: pasipoti, kibali cha ukaazi, kibali cha kazi, leseni ya jimbo lake la Saskatchewan, kijitabu cha kijivu, barua ya mwajiri yenye mhuri, cheti cha kupimwa macho, karatasi ya TIN. Kila moja aliitolea nakala. Akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaipiga bahasha ile kofi la upole, akasema, "Hapa hakuna swali litakalokosa jibu." Nilikuja kuikumbuka kauli hiyo kesho yake, barabarani, kwa sababu nisiyoitarajia.

Karatasi hazikuwa shida. Shida ilikuwa mkono wa kushoto. Kanada wanaendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto, na mwili wa mtu aliyeendesha hivyo tangu ujana una tabia zake ambazo akili haiziamrishi. Gari la shamba ni Landkruza ya kazi, gia zake za kubadilisha kwa mkono wa kushoto, na kijiti cha indiketa kiko kulia mwa usukani. Kila Mkanada alipotaka kuonyesha kwamba anakata kona, waipa ziliamka na kuanza kusugua kioo kikavu chenye vumbi. Vijana wa karakana walikuwa wameizoea sauti ile. Shemeji hakuwaruhusu wacheke. Alimchukua hadi uwanja wa kuegesha matrekta, akachora kipilefti kwa kijiti ardhini, akakizunguka kwa miguu mwenyewe, kwa mkono wa saa, akamtaka mgeni amfuate nyuma. Wanaume wazima wawili wakizunguka duara la vumbi, mmoja akisema "kushoto, kushoto", mwingine akirudia. Halafu wakaingia garini na kufanya vilevile kwa gia ya kwanza.

Mgeni aliniuliza kwa nini sisi tunashika kushoto. Nilimweleza kwamba jibu liko kwenye daraja la Rusumo. Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilitwaliwa na Waingereza, Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji, na kila mkubwa akaleta upande wake wa barabara. Hadi leo dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali akivuka mto Kagera pale Rusumo anahama upande. Mto ni uleule, na mzigo haujashuka. Madereva wa masafa marefu hufanya hivyo bila kuwaza, na ndiyo maana sikuwa na wasiwasi na Mkanada. Upande hujifunzwa.

Tuliondoka alfajiri. Wilaya za Mbulu na Hanang zimezoea wageni wa kazi kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Upande wa Mbulu iko hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955. Tangu hapo madaktari, wauguzi na mafundi wa kigeni wamekuwa wakija na kuondoka, nao wametoka nchi inayoshika kulia. Upande wa Hanang walikuja Wakanada. Mwisho wa miaka ya 1960 serikali ilitaka nchi ijilishe ngano, na Kanada, yenye uwanda wa ngano mpana usio na mwisho, ikaombwa msaada. Likaanza shamba la Basotu, yakafuata mengine sita: Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Yalikuwa chini ya shirika la umma la NAFCO, yakichukua karibu ekari 100,000. Kanada ilitoa wataalamu, matrekta, kombaini na fedha kwa zaidi ya miaka ishirini, na vijana wetu wakapelekwa kule kusoma.

Mzee mmoja jirani ya dada aliomba lifti hadi Katesh, akamwone daktari wa macho. Tulimpa kiti cha mbele, kama inavyostahili. Alianza kazi NAFCO akiwa kijana, akawa opareta wa trekta hadi shirika lilipofifia. Mkanada alikuwa ameshafundishwa kusema "Shikamoo, mzee", na mzee alipoitika "Marahaba, baba" akaongeza neno lingine, nikalitafsiri: kwamba wale wa zamani hawakuwahi kumwamkia hivyo, wao walisema "jambo". Alilisema bila kinyongo. Aliwasifu kwa kazi. Kwa kumbukumbu yake walikuwa watu wa kuamka mapema, wasioogopa grisi, na aliyemfundisha kuendesha alikuwa akikaa kwenye bawa la trekta mchana kutwa, mvua au jua, hadi mwanafunzi anyooshe mstari.

Barabara ya Basotu ina mitihani yake ambayo hakuna fomu inayoiuliza. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hukamata tairi kama ulezi uliosongwa, na ukikauka hubaki na mifereji migumu ya magurudumu ya juzi, ukiingia humo usukani si wako tena. Jua la asubuhi humpiga dereva machoni anapoelekea Katesh. Halafu kuna ng'ombe. Wabarabaig huhamisha mifugo alfajiri, na kundi likiwa barabarani hakuna honi itakayolisaidia gari. Shemeji alisimama kabisa, akazima injini, akamweleza mgeni kwa mikono. Mchungaji yuko nyuma ya kundi au ubavuni, mtafute kwanza yeye. Ukimwona, msalimie. Usimpitie ndama aliyetengana na mama yake, kwa kuwa mama atarudi na kundi litarudi naye. Kijana aliyevaa shuka la zambarau alipita, fimbo begani, akainua kiganja. Shemeji akainua chake. Mkanada naye akainua, na nikamwona akiandika jambo kwenye daftari lake dogo.

Tulipoyafikia mashamba makubwa ya zamani, mzee alinyoosha kidole kuelekea mahali pasipo na alama yoyote. Alisema hapo palikuwa na kaburi la mkubwa. Wabarabaig huwazika wazee wao wenye heshima kwa kuinua kilima cha udongo na miti, na mahali hapo hubaki patakatifu kwa ukoo vizazi kwa vizazi. Sherehe ya maziko inaweza kuchukua miezi, na watu hutoka mbali kuijia. Plau za mashamba ya ngano zilipita juu ya makaburi ya namna hiyo. "Mimi mwenyewe sikulilima lile," mzee alisema, "lakini trekta lililolilima nililipaka mafuta asubuhi yake." Nilitafsiri. Gari lilikaa kimya hadi tukapita.

Kisha mgeni aliuliza kama hawakwenda mahakamani. Walikwenda. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu wengine 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, kwa kuingia kwenye ardhi yao na kuharibu makazi na mazao. Mahakama Kuu iliwapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kijiji, ilisema, hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi kwa utaratibu wa sheria. Na wale watu mmoja mmoja waliodai kwa haki ya mila hawakuwa wamethibitisha mbele ya mahakama kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi iliyoachwa na Waingereza, ile ya 1923.

Nililitamka hilo kwa Kiingereza na kusikia jinsi lilivyo. Watu ambao ng'ombe wao walikuwa wakinywa maji ya Ziwa Basotu kabla mpaka wa wilaya haujachorwa walishindwa kesi kwa kuwa, pamoja na mengine, hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba wao ni wa pale.

"Walitakiwa walete karatasi gani?" Mkanada aliuliza.

Mzee alisubiri nimalize kutafsiri. "Karatasi gani? Baba zao walikuwa wamelala pale nilipowaonyesha."

Bahasha ya kaki ilikuwa mapajani mwangu. Nina hakika sheria inahitaji ushahidi. Mahakama haiwezi kuamua kwa kumtazama mtu usoni. Ninacholalamikia ni kipimo. Ardhi ya mila kwa asili yake haina hati, na kumdai mchungaji uthibitisho wa kimaandishi wa jambo ambalo mila haikuwahi kuliandika ni kumshinda kabla hajafungua mdomo. Mgeni mwenye mkataba wa miaka michache alikuwa na jibu la kila swali ndani ya bahasha moja, kwa sababu maswali yalitungwa na watu wanaoishi kwa bahasha.

Mkanada alikaa kimya kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sikulijua. Uwanda wa kwao wa ngano umepimwa kwa miraba, barabara zikikutana kwa pembe mraba kila baada ya maili kadhaa, na kabla ya miraba ile ardhi ilikuwa ya Wakrii na mataifa mengine ya asili. Mikataba iliwekwa, ya 1874 na 1876, watu wakahamishiwa maeneo yaliyotengwa. Baada ya maasi ya 1885 serikali ikaanzisha utaratibu kwamba mtu wa asili akitaka kutoka nje ya eneo lake lazima awe na kibali cha maandishi kutoka kwa ofisa wa serikali. Hakikuwa na msingi katika sheria yoyote iliyopitishwa na bunge, lakini kilitumika kwa miaka mingi. Nilipomtafsiria mzee, alitikisa kichwa na kusema, "Kipande." Ndivyo. Wakenya walivishwa chao shingoni kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita. Mabara mawili, bahari katikati, na mwenye ardhi ndiye anayeulizwa karatasi njiani.

Sisemi haya kumshtaki mtaalamu wa mbegu aliyekuja kutusaidia kupata ngano isiyoshambuliwa na kutu. Alikuja kwa adabu, na alisikiliza. Lakini Basotu hapakuwa mahali patupu alipofika, na nilifurahi kwamba alilijua hilo kabla ya kupewa leseni ya kupita humo.

Katesh ipo chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake kinapita mita 3,400, na asubuhi ile mawingu yalikuwa yamekaa mabegani. Makovu ya Desemba 3, 2023 bado yanaonekana. Siku hiyo, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima ulimeguka ukashuka na tope, mawe na miti hadi mjini na kwenye vitongoji, ukaua zaidi ya watu 80. Tulimshusha mzee, tukakubaliana kukutana naye jioni palepale kwenye stendi. Mbele ya duka la vipuri kijana alikuwa akimsubiri, pikipiki imeegemea ukuta. Alikuwa mjukuu wake. Alimwinamishia babu kichwa, naye babu akamwekea mkono utosini.

Kutoka Katesh ni lami, zaidi ya kilomita 70 hadi Babati kupitia Endasak na Dareda. Lami ina vishawishi vyake. Baada ya vumbi la Basotu mguu unataka kukanyaga, na vijiji vimepangwa kandokando ya barabara, kila kimoja na kibao chake cha 50. Trafiki wenye tochi hukaa pale ambapo mteremko unakushawishi, nyuma ya mti au kwenye kivuli cha kibanda cha viazi. Kosa moja ni shilingi 30,000, unalipa kwa namba ya malipo. Shemeji alimweleza Mkanada zaidi ya faini. Dareda, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, maroli yanayoshuka kutoka Mbulu hujiunga na barabara kuu na breki zake zikiwa zimechemka; pale mwendo wa 50 ni uhai wa mtu. Akamwonyesha pembetatu za kuakisi na kizimamoto nyuma ya kiti, akamwambia askari atauliza hivyo kwanza, kabla ya leseni.

Babati ilipewa hadhi ya makao makuu ya mkoa mwaka 2002, Manyara ilipomegwa kutoka Arusha. Mwenye umri wangu anajua maana yake. Zamani jambo la mkoa la mtu wa Basotu lilimpeleka Arusha mjini, akalala gesti, akala fedha ya mbegu akisubiri saini. Sasa tuliingia mjini asubuhi, Mlima Kwaraa upande mmoja na ziwa upande mwingine.

Afande aliyepokea bahasha aliisoma karatasi moja baada ya nyingine, leseni ya Saskatchewan akaigeuza pande zote mbili. Kisha akatuambia kwamba karatasi ziko sawa lakini anataka kumwona dereva barabarani. Nilimpenda kwa hilo. Angeweza kuridhika na rangi ya pasipoti.

Waliondoka wao wawili, nasi tukabaki kwenye benchi. Waliokuwa wakisubiri pamoja nasi walikuwa vijana wa bodaboda wanaotafuta daraja A, baba mmoja anayehuisha leseni ya lori, na dereva wa basi dogo aliyekuwa na cheti cha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kwa kuwa kubeba abiria kunadai mafunzo ya ziada. Nilimfikiria mdogo wangu aliye Uingereza. Ni muuguzi, alikuwa na leseni safi ya Tanzania na ameendesha Dar es Salaam, mji ambao ukiweza kuendesha humo unaweza popote. Sheria ya kule ilimruhusu kuitumia miezi 12 tangu aanze kuishi huko. Baada ya hapo ilibidi aanze upya kama mtoto wa shule: leseni ya kujifunzia, vibandiko vya L, mtihani wa nadharia, mtihani wa njiani. Mkanada angefika nchi ileile siku ileile, angebadilisha leseni yake ya gari dogo kwa fomu na ada, bila mtihani, kwa kuwa Kanada imo kwenye orodha ya nchi zilizoteuliwa. Afrika Kusini imo. Zimbabwe imo. Tanzania na Kenya, zinazoshika upande uleule na Waingereza na kwa kuachiwa na haohao Waingereza, hazimo. Kanada, inayoshika upande wa pili, imo. Mdogo wangu alifaulu, na sasa anawapeleka wagonjwa wa nyumbani dawa zao kwenye vijiji vya huko. Bado naamini alistahili kupimwa kwa uendeshaji wake, kama afande wa Babati alivyompima mgeni wetu, badala ya kupimwa kwa nchi iliyomzaa.

Waliporudi, indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka na waipa zimelala. Afande alimweleza makosa mawili: alikata kona ya kulia kwa upana mno, na kwenye kivuko cha watembea kwa miguu alisimama mbali kuliko inavyohitajika. "Kosa la pili ni zuri," akasema. Akasaini. Tukaenda TRA, akalipia, akakaa mbele ya kamera, akaweka vidole kwenye kioo kimoja baada ya kingine. Nyuma yake mama mmoja alimrekebisha kola ya shati kabla picha haijapigwa, kama ambavyo angemfanyia mwanawe.

Kurudi aliendesha shemeji, kwa kuwa jua lilikuwa limelala na ng'ombe wangekuwa barabarani. Katesh tulimkuta mzee kwenye stendi, miwani mipya usoni, mjukuu kando yake. Safari hii kijana ndiye aliyekuwa na haja. Amekuwa akibeba abiria kwa pikipiki bila leseni, amekamatwa na kulipa faini, na sasa anataka kufanya mambo kwa haki: apate daraja A, kisha ajifunze mitambo, awe opareta kama babu. Shemeji alimwuliza kama ana TIN. Hana, kwa sababu TIN inadai namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Namba ya NIDA? Hana. Cheti cha kuzaliwa? Alizaliwa bomani. Cheti cha shule ya msingi? Alichunga.

Mkanada aliuliza tunazungumza nini, nikamweleza. Alitoa daftari lake, akaniomba nimtajie hatua hizo kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza. Tulipofika Basotu alikuwa na ukurasa mzima, na shemeji alikuwa ameshampigia simu mtendaji wa kijiji. Mtendaji alisema kijana aje Jumatatu na wazee wawili watakaoshuhudia kwamba wanamjua yeye, baba yake, na mahali alipozaliwa. Babu alisema yeye ni mmoja, na wa pili atakwenda kumwomba mwenyewe usiku uleule.

"Leta watatu," shemeji akamwambia. "Na wote wawe wanajua kusaini."